Wiki Nane Baharini Kabla ya Akdi



Sisi ni ndugu wawili, tuna duka la kushona Shinyanga mjini. Tunashona magauni ya harusi, sare za kina mama, madera, mabaibui na nguo za watoto wa madrasa. Sote tuliishia kidato cha nne, kisha tukasoma ushonaji. Tunaandika kwa "sisi" kwa sababu hakuna gauni lililowahi kutoka dukani kwetu likiwa limeshonwa na mkono mmoja, na kosa tunalotaka kuwasimulia leo nalo tulilifanya pamoja.

Ninyi mnaotusoma mkiwa visiwani mmekulia na bahari mlangoni. Kwetu bahari iko mbali, kama kilomita elfu moja kwa basi hadi Dar es Salaam. Maji makubwa tunayoyajua sisi ni Ziwa Victoria tukienda Mwanza kununua vitambaa. Kwa hiyo binti wa kaka yetu alipochagua kusomea viumbe vya majini na uvuvi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulicheka. Tulimwuliza atavua nini Shinyanga, mbuzi?

Barua mbili katika wiki moja

Mwaka jana, mwezi wa tano, nyumbani kwa kaka ziliingia habari mbili katika wiki moja.

Ya kwanza ilitoka kwa wakwe watarajiwa. Mchumba wa binti yetu ana duka la vifaa vya wachimbaji kule Kahama, kijana mpole, anaswali, hana makuu. Familia yake ilitaka akdi iwe mwezi wa nane, kwa sababu kaka yake mkubwa angekuwa likizo.

Ya pili ilikuwa barua ya chuo. Binti amepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo Zanzibar, wiki nane, kuanzia katikati ya mwezi wa saba. Angeshiriki utafiti wa mwani chini ya watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lakini iko Unguja tangu 1978.

Kwa mama ambaye hajapitia chuo, kama sisi, tueleze kidogo. Wanafunzi wanaita "fildi". Chuo kikifunga likizo ndefu, mwanafunzi anapelekwa mahali pa kazi inayohusu somo lake. Anaandika kila siku alichofanya kwenye daftari maalumu, msimamizi anatia saini, mwalimu anakuja kumkagua, na mwisho anaandika ripoti inayopewa alama. Si matembezi, ni sehemu ya shahada. Na anayepangiwa kwenye utafiti hasa anapata zaidi ya alama, kwa sababu anajifunza kuuliza swali na kulitafutia jibu kwa vipimo. Akirudi mwaka wa tatu kuandika utafiti wake mwenyewe, tayari ana pa kuanzia.

Hayo tunayajua leo. Siku ile hatukuyajua.

Tulisema "harusi kwanza"

Kaka alituita. Mnajua kwetu shangazi ana sauti kwenye ndoa ya binti. Akauliza, "Mnasemaje dada zangu?" Tukajibu bila kuvuta pumzi: harusi kwanza. Posa njema haiji kila siku. Fildi itakuwepo mwakani.

Sasa tuseme ukweli mbele ya Mwenyezi Mungu. Wakati tunatoa ushauri ule, tulikuwa tumeshapokea malipo ya awali ya gauni la bibi harusi, nguo mbili za kubadilisha, na sare sitini za kina mama wa pande zote mbili. Tulikuwa tumeshakwenda Mwanza kununua satini na lesi. Oda kama ile kwetu ni ada za watoto za mwaka mzima. Tulipiga hesabu kabla ya kutoa ushauri, na hesabu ndiyo iliyosema.

Halafu tukajiona wenye busara, tukatoa suluhisho: aende wiki mbili, arudi, aolewe, kisha mambo ya bahari yaendelee akiwa mke wa mtu. Kaka akafurahi. Mama yake binti, wifi yetu, akanyamaza. Tungemtazama vizuri tungejua.

Ngitili ya baharini

Alikuja nyumbani wikiendi moja, akaja dukani tumpime gauni. Tulimpima mabega, kifua, kiuno, mikono. Alikuwa anajibu "ndiyo shangazi, sawa shangazi." Tulipofika urefu wa gauni akasema, kwa adabu kabisa, "Shangazi, mwani haukui kwa wiki mbili."

Akatueleza. Mwani hufungwa vipande vidogo vidogo kwenye kamba, kamba hufungwa kwenye vigingi, na huvunwa baada ya wiki kama sita. Yeye angepewa kamba zake. Angepima uzito mwanzoni, angepima joto la maji na chumvi yake, angeangalia ni mafungu mangapi yameugua, kisha apime tena siku ya kuvuna. Akiondoka baada ya wiki mbili atakuwa amefunga kamba tu, jibu litabaki baharini.

Sisi mafundi tulilielewa hilo haraka kuliko tulivyotaka. Kitambaa ukikikata kifupi, hakuna pasi itakayokirefusha.

Tukamwuliza, "Na hiyo bahari inatuhusu nini sisi watu wa ng'ombe na pamba?" Akasema, "Shangazi, bibi alikuwa na ngitili."

Dada zetu wa visiwani, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua, mifugo isiingie, ili kiangazi kikija pawe na majani. Shinyanga iliwahi kukaribia kuwa jangwa. Miti ilikatwa, mifugo ikazidi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tunaouita HASHI, ukaenda hadi 2004, na sehemu kubwa ya mafanikio yake ilikuwa kurudi kwenye ngitili hizo hizo za wazee. Sisi tulikua tukiona vichaka vikirudi.

Binti akatuambia kwamba Pemba, kule Kisiwa Panza, wanavijiji hufunga miamba yao ya pweza kwa miezi kadhaa, hakuna kuvua, kisha wanaifungua kwa siku iliyopangwa. Pweza hukua upesi, kwa hiyo miezi hiyo michache inatosha kumfanya awe mzito. "Ni ngitili hiyo hiyo shangazi, ila imefunikwa na maji. Na kama huku walivyohesabu miti, kule lazima kuwe na mtu wa kuhesabu pweza na kupima mwani, vinginevyo watu watabishana tu."

Akavaa baibui lake akaondoka. Duka likawa kimya. Mmoja wetu, miaka mingi iliyopita, alichaguliwa kwenda kidato cha tano Tabora na hakwenda kwa sababu posa ilikuja mwezi ule ule. Hana majuto ya ndoa, mume wake ni mtu mwema. Lakini hakuna mtu aliyemwuliza. Usiku ule alisema, "Na sisi hatujamwuliza huyu." Kesho yake tukarudi kwa kaka kufuta ushauri wetu.

Maswali ya dini, tuliyauliza wazi

Kaka hakuwa na tatizo na elimu, alikuwa na tatizo na safari. Binti aende peke yake, alale wapi, na nani? Swali hilo si la kudharau. Tulikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu. Alitueleza kwamba wanavyuoni wametofautiana kuhusu mwanamke kusafiri bila maharimu, na kwamba kuna mambo ya kuyaangalia yote pamoja: usalama wa njia, ruhusa ya walii, mahali pa kukaa, na haja yenyewe. Akasema, "Mkiweza kumpa wa kumsindikiza, mmemaliza mjadala."

Tukaweza. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, alimsindikiza hadi Unguja na akaenda tena kumchukua. Nauli ya kijana ile ya kwenda na kurudi mara mbili tulilipa sisi wawili, kama fidia ya ushauri wetu mbaya. Alikaa kwa familia ya rafiki yake wa chuo, mama mtu mzima mwenye mabinti. Mama yule alizungumza na wifi yetu kwa simu kabla binti hajapanda basi. Msidharau simu ya namna hiyo. Mama kwa mama wakisikilizana, nusu ya hofu inaondoka.

Wapo waliouliza kama sayansi ya bahari ni kazi ya mwanamke anayejisitiri. Jibu liko huko huko kwenu. Dk. Narriman Jiddawi, mwanamke wa Zanzibar, amefanya utafiti wa bahari katika taasisi hiyo kwa miaka mingi, na amefanya kazi na kina mama wa Fumba wanaookota chaza, kuhifadhi maeneo yao na kufuga lulu. Dk. Flower Msuya naye ametumia miongo kadhaa kutafiti mwani pamoja na wakulima wanawake. Bahari ya Zanzibar ina walimu wanawake tayari.

Nguo ya kuingilia majini

Hapa ndipo kazi yetu ilipoingia. Binti hajui kuogelea, na dera likilowa ni zito, linavuta miguu. Alihitaji nguo ya kumsitiri mwili mzima bila kumzamisha.

Nguo za namna hii si jambo jipya. Aheda Zanetti, Mwislamu wa Australia, alibuni burkini yake mwaka 2004. Na Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje ulifundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri kuanzia kichwani hadi miguuni. Lakini kuinunua kutoka nje ilikuwa ghali kwetu. Tukasema, sisi ni mafundi, tutashona.

Ya kwanza ilitutia aibu. Tulichagua kitambaa cha kuvutika, vizuri, lakini tukakishona kwa mshono wa kawaida ulionyooka. Wiki ya kwanza tu binti aliinua kamba yenye mwani, kitambaa kikavutika, uzi haukuvutika, kwapa likafunguka lote. Mama mmoja wa mwani alivua kanga yake ya juu akamfunga nayo bila kusema neno, wakaendelea na kazi. Alipotupigia simu jioni alikuwa anacheka. Sisi hatukucheka. Fundi kuvuliwa nguo mteja wake mbele za watu, tena mtoto wako, ni fedheha.

Ya pili tulishona usiku tukaituma kwa basi, kisha boti. Kwa mafundi wenzetu, haya ndiyo tuliyojifunza. Tumieni mshono wa zigizaga au overloki, na sindano ya ncha butu ya vitambaa vya kuvutika. Rangi iwe nzito, maana rangi nyepesi ikilowa inaonyesha. Sketi ya juu isiwe pana, inaelea na kupanda juu. Iwe nyembamba ya kufika magotini, na mpasuo pembeni, juu ya suruali. Kofia ishonwe moja kwa moja shingoni. Zipu iwe ya plastiki, chumvi inaila ya chuma. Na mwisho wa mkono weka kitanzi cha kupitisha kidole gumba, mkono usipande anapoinama.

Aliyoyaona

Alitusimulia kwa simu karibu kila jioni. Kilichotushangaza kwanza ni mwezi. Sisi huutazama kwa ajili ya Ramadhani na Idd. Kule, alisema, kazi yote inakwenda nao. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua, maji hutoka mbali sana, na kwao yanakuwa yamekauka asubuhi kuelekea saa nne. Hapo kina mama wanaingia shambani. Katikati ni maji mafu, kazi inapungua. Katika wiki nane alipata bamvua nne, na akasema tangu azaliwe hajawahi kujua tarehe ya mwezi wa Kiislamu kila siku kama kipindi kile.

Mashamba ya mwani ya Unguja yalianza 1989, Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima ni wanawake. Kuna aina mbili walizozoea kulima, na moja inaitwa kotonii. Sisi watu wa pamba tulicheka sana kusikia jina hilo. Hiyo kotonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, lakini ndiyo dhaifu. Maji ya pwani yakipata joto sana, matawi yake yanageuka meupe na kukatika. Maeneo mengi imekuwa ikifa kwenye maji mafupi, kina mama wakabaki na aina ya pili, spinosamu, yenye bei ndogo.

Watafiti walijaribu kuipeleka kotonii kwenye maji ya kina zaidi, yenye joto lililotulia, kwa kuiweka ndani ya nyavu za mfano wa bomba ili mawimbi yasiichukue. Lakini hapo linakuja swali la mwanamke: maji ya kina yanataka kuogelea, yanataka chombo, yanataka nguo. Binti alituambia, "Shangazi, kumbe utafiti wa mwani ni pamoja na ushonaji." Tulikaa na neno hilo siku nyingi.

Aliporudi alituletea sabuni ya mwani. Vikundi vya kina mama, kama vile vya Kidoti, wameacha kungoja mnunuzi wa mwani mkavu peke yake, wanatengeneza sabuni wenyewe. Mwani unaosafirishwa nje hutolewa utomvu wa kugandishia vitu kama aiskrimu na dawa ya meno. Mara ngapi tumeswaki bila kujua kuna mkono wa mama wa Paje ndani yake?

Gharama yake

Hatutaki mdhani mambo yalikwenda kama hadithi. Mama wa mchumba aliposikia harusi inasogezwa, alikasirika. Aliuliza ni chuo gani kinachofundishia baharini. Wiki mbili zikapita bila simu, na wifi yetu akapungua mwili. Sare za upande wao zikapelekwa kwa fundi mwingine Kahama. Tulirudisha malipo ya awali, na satini ikakaa kwenye rafu ikitutazama hadi Idd. Mwezi ule tulikopa kulipa kodi ya duka.

Aliyetuliza mambo ni kijana mwenyewe. Alikuja Shinyanga, akaomba aione barua ya chuo, akaisoma mbele ya kaka, akairudia. Akasema, "Imeandikwa wiki nane, haikuandikwa miaka minane." Kisha akaenda kuzungumza na mama yake. Ilimchukua muda, lakini alizungumza naye kwa heshima na hakumvunja.

Akdi sasa ni inshallah baada ya Idd ijayo. Sare za upande wao hazijarudi kwetu na hatuzidai. Binti yuko mwaka wa tatu, anaandika utafiti wake juu ya kamba zile zile alizozipima.

Kwako bibi harusi

Tunayasema haya kama shangazi zako.

Sema mapema. Kama una masomo au mafunzo mbele yako, yaseme wakati wa posa, na tarehe zake. Mchumba akikuta mambo njiani ataona amefichwa.

Kama kumaliza chuo ni muhimu kwako, mweleze walii wako aliweke kama sharti wakati wa kufunga ndoa. Muulizeni sheikh wenu namna ya kuliandika. Si ukaidi kuomba hivyo, ni kuweka mambo wazi.

Onyesha barua. Wazee wetu wengi hawapingi elimu, wanapinga wasichokielewa. Kaa nao, soma mstari kwa mstari, eleza utakula wapi na utalala wapi.

Na wewe shangazi, mama, dada mkubwa: kabla hujatoa ushauri, jiulize una faida gani katika jibu lako. Sisi tulikuwa na sare sitini kichwani.

Gauni la akdi liko mezani tunapoandika. Ameomba kitu kimoja tu, kwamba mwisho wa mikono tuweke kile kitanzi cha kidole gumba. Tulimwambia lesi haihitaji. Akasema anajua, lakini tuweke. Tumeweka.

Mwenyezi Mungu awape mabinti zetu elimu yenye manufaa na wenza wenye kheri, na atusamehe sisi tuliowashauri kwa haraka. Amin.